Shangazi, nasali lakini naona hakuna anayenisikia

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana Muislamu, mwalimu hapa Malindi. Mwenzangu kazini, Mkristo, alinipa Injili nisome. Tangu hapo kila usiku natazama mihadhara ya dini kwenye simu, na nimejaza daftari zima: huku Isa hakusulubiwa, huku alisulubiwa akafufuka, huku Mungu hana mwana, huku kuna Utatu. Siku hizi nikisali naona hakuna anayenisikia. Mama akijua ataumia. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Mimi ni Muislamu, nakwambia mapema ujue anayekujibu ni nani.

Una shaka mbili, nawe umezifunga kitita kimoja. Moja ni dini ipi ya kweli. Ya pili ni kama yupo anayesikia, na hii ndiyo inayokuuma zaidi. Daftari lako haliigusi. Hata ukitoka msikitini ukaingia kanisani, utaingia nayo.

Usiione aibu. Katika Suratul Baqara, aya ya 260, Nabii Ibrahim anamwomba Mola amwonyeshe anavyofufua wafu. Anaulizwa, kwani huamini? Anajibu kwamba anaamini, ila moyo wake upate kutulia. Hakufukuzwa, alionyeshwa. Na kwenye Injili ya Marko, sura ya 9, yupo baba wa mtoto mgonjwa anayelia mbele ya Yesu: “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu.” Mtoto akaponywa.

Hata hapo mjini kwenu si jambo geni. Mwaka 1542 padri Francis Xavier alipita Malindi akielekea Goa. Baadaye aliandika kwamba Muislamu mmoja mwenye cheo mjini alimuuliza kama Wakristo kwao bado wanashika ibada, kwani Malindi ilikuwa na misikiti 17 na iliyosaliwa ilikuwa 3 tu, tena na watu wachache. Nampenda mzee yule. Lilimsumbua, akauliza, na aliyemuuliza ni mtu wa dini nyingine.

Mihadhara iache. Wengi huko hufungua kitabu cha mwenzao kutafuta pa kumshindia, na moyo uliochoka haupati kitu hapo. Sikwambii dini hizi ni kitu kimoja. Juu ya msalaba, Suratun Nisaa aya ya 157 na Injili hazikutani. Lakini soma Marko yote, ni sura 16 tu. Soma Suratu Maryam yote, aya 98. Daftari liweke kando. Kisha mtafute shekhe mwenye subira, umwone faragha, umwambie hilo la kutosikiwa kabla ya jingine lolote. Ukimwendea padri, muulize yeye husali vipi siku ambazo moyo wake ni mkavu.

Mama usimwambie leo, maana bado huna uamuzi wa kumpa, una machungu tu. Na mwenzako asikuharakishe. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 32, inakupa haki ya kuamini utakavyo, na Kurani yenyewe inasema hakuna kulazimishana katika dini. Ila kutoka kuna uzito wake: kwa sheria ya Kiislamu asiye Muislamu hamrithi Muislamu, na ndoa nayo huguswa. Jambo kama hilo haliamuliwi saa nane za usiku, simu mkononi.

Leo ukishasali isha, zima simu, ubaki hapo hapo juu ya mswala. Sema kwa Kiswahili chako, kwa sauti ndogo, hilo hilo uliloniandikia: kwamba huoni kama unasikiwa. Mwambie Yeye. Ukimaliza Marko na Maryam, niandikie tena.