Maswali ya garaji: kabla ya kununua batri ya tatu

SWALI: Jambo sana, fundi. Nina Mercedes 240D ya 1979. Nimenunua batri mbili mpya, zote zimekufa. Ikishawaka, gari inatembea vizuri siku nzima, na taa nyekundu ya batri kwenye tablo haijawaka hata mara moja. Fundi wa mtaani alitoa kable ya batri mashine ikinguruma, haikuzima, akasema alternateri, ile inayochaji batri, ni nzima. Ninunue batri ya namna gani sasa? (Msomaji wa Kamalondo, Lubumbashi)

JIBU: Papa, usinunue kitu bado. Jaribio la huyo fundi halikuonyesha lolote. Dizeli yako haihitaji umeme ili iendelee kunguruma: mafuta yanasukumwa na pampu, na hata kuzima inazimwa kwa hewa inayonyonywa, si kwa waya. Alternateri iwe nzima iwe bovu, mashine itaendelea. Tena ni jaribio la hatari. Batri ndiyo inayotuliza volti. Ukiitoa ghafla, volti zinaruka juu na kuchoma diodi, vile vipande vya ndani ya alternateri vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Msimruhusu mtu kulifanya kwenye gari yoyote yenye alternateri.

Ubovu naushuku kwenye taa yenyewe. Ukiweka kontakti, yaani kugeuza ufunguo, kabla ya kuwasha mashine, ni lazima iwake, kwa sababu umeme unaopita kwenye ampuli ile ndio unaoamsha alternateri. Ampuli ikiungua, alternateri inabaki imelala, au inaamka tu ukikanyaga sana.

Toa kwanza kable ya minasi (upande wa −) ya batri, kisha chomoa plagi ya nyuma ya alternateri. Ina pini mbili nene na moja nyembamba. Zile nene zinatoka moja kwa moja kwenye batri, zisiguse masi (chuma cha gari) kabisa. Unganisha pini nyembamba na masi kwa kipande cha waya, rudisha minasi, weka kontakti. Taa ikikataa kuwaka, ampuli imekufa au waya umekatika: fungua tablo. Ikiwaka, ubovu uko ndani ya alternateri, na mara nyingi ni sharboni, vile vipande vya kaboni vinavyosugua pete za ndani. Zimeshikwa pamoja na regilateri, inayodhibiti volti, kwa skrubu mbili tu, zinatoka bila kushusha alternateri, ila minasi iwe imetolewa tena. Sharboni iliyobaki chini ya milimita 5 ibadilishwe. Vumbi letu jekundu la kiangazi linazila haraka. Angalia pia pete zinazosuguliwa: zikiwa nyeusi, zisafishe kwa msasa laini sana; zikiwa na mfereji, sharboni mpya hazitakaa muda mrefu.

Halafu pima kwa multimetri. Batri iliyojaa na kupumzika usiku ina volti 12.6 hivi. Mashine ikizunguka haraka kidogo, isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki chini ya 13.2, haichajiwi. Ikipita 14.8, regilateri imekufa na maji ya batri yatachemka. Kama alternateri inatoa 14 lakini batri inapata 13, waya ndio unaokula umeme: washa fari (taa kubwa za mbele), pima kutoka mwili wa alternateri hadi minasi ya batri. Zaidi ya volti 0.2, safisha kable ya masi kati ya mashine na chasi mpaka chuma king'ae.

Batri zako huenda ziliuawa na njaa. Batri inayokaa nusu tupu inaota chumvi nyeupe kwenye sahani zake, na kwenye dizeli bujii za kupasha na stata zinaimaliza asubuhi moja. Ukishatengeneza, ijaze kwa chaja polepole: ya 70 Ah, kwa ampea 7 usiku kucha. Usiiachie alternateri kazi ya kufufua batri tupu, inaungua.

SWALI: Coccinelle (Volkswagen) ya baba yetu, ya 1965, taa nyekundu ya batri inametameta kwenye ralanti, mashine ikinguruma bila kukanyagwa. Tubadilishe dinamo? (Katuba)

JIBU: Hapana. Dinamo, inayochaji batri kwenye gari hiyo, ikizunguka polepole haitoshi. Taa ikizima ukiongeza mwendo, ni sawa. Ila ikiwaka mukiwa njiani, simameni papo hapo. Mkanda unaozungusha dinamo ndio unaozungusha feni inayopoza mashine, na ukikatika mashine inaungua kwa muda mfupi. Ubonyezeni kwa kidole gumba: ushuke sentimita 1.5 hivi. Ukilegea, toeni rondeli (kipete bapa cha chuma) moja katikati ya vipande viwili vya puli na kuiweka nje, chini ya nati, isipotee.

SWALI: Batri inakufa usiku gari ikiwa imezimwa, na kuchaji inachaji vizuri. (Ruashi)

JIBU: Asubuhi, kabla ya kuwasha, shika alternateri kwa mkono. Ikiwa na joto, diodi inavujisha umeme. Ikiwa baridi, weka multimetri ya ampea kati ya minasi na kable yake, usijaribu kuwasha mashine, kisha toa fyuzi moja moja. Inayoshusha kipimo chini ya ampea 0.05 ndiyo yenye mwizi wa umeme. Anza na ya redio iliyofungwa baadaye.