Kabla hujasahihisha r ya mama wa watu

Juzi kijana mmoja wa Bagira, hapa kwetu Bukavu, Kongo, ameniandikia: "Kaka, nikiandika kitu ku WhatsApp, watu banaacha mambo nimesema, banacheka r na l yangu. Nifanye aje?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu, kwa sababu kaka anayeulizwa ndiye alikuwa mchekaji mkuu.

Mimi ni mtoto wa diktee, ile imla ya shuleni. Darasa la sita, Kadutu, mwalimu alirudisha madaftari yamejaa wino mwekundu, langu likabaki jeupe. Sijawahi kupona sifa ile. Katika kikundi cha simu cha mtaa wetu nikajipa kazi ambayo hakuna aliyenipa. Siku bomba la maji lilipokauka, mama mmoja aliandika: "Siku ya tatu reo, batoto banarara bira kuoga. Nimeona fasi bomba imepasukia." Nikajibu: "Leo. Watoto. Wanalala. Bila." Vikafuata vile vicheko vya machozi, mstari mzima. Mama akatoka kikundini. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza ni fasi gani, mahali gani. Tukapanda mlima siku mbili zaidi na bidoni kichwani, mimi na sarufi yangu.

Zamu yangu ilikuja. Nilitafuta vitenge kutoka Dar es Salaam, nikaandika kwa wafanyabiashara wa huko: "Nataka kuuza vitenge, marobota mawili." Kwetu Bukavu, kuuza ni kutoa pesa na kuchukua mali, mwenye mali ndiye anauzisha. Wakaniuliza bei. Nikawauliza bei. Tuliulizana bei asubuhi nzima mpaka mmoja akashtuka: "Kumbe Mkongo anataka kununua!" Picha ya maneno yangu ikasambazwa. Mwingine akanishauri nikajifunze Kiswahili kwanza. Mimi, wa daftari jeupe! Vitenge nilivipata kwingine, ghali, na neno lile bado linaniuma nikipita penye duka la nguo.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kosa ni la nani. Katiba yetu ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini kalamu yangu ya shuleni ilikuwa ya Kifaransa. Kiswahili tulikisema uwanjani. Hicho kinachoitwa sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na kamati iliyoundwa 1930 kukisimamia ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Sisi tuliotawaliwa na Wabelgiji hatukuwa mezani. Na ukikuzwa na Mashi, lugha ya nyumbani kwa wengi wetu, r na l zinapishana mlangoni bila kubisha hodi. Yule mama hakukosea kitu ambacho mtu alishawahi kumfundisha.

Sasa, ndugu yangu wa Bagira, na wewe unayesoma ukiota kusikika hadi ng'ambo ya ziwa: endelea kuandika. Ukielewa alichosema mwenzako, jibu alichosema. Anayekurupukia herufi mara nyingi amekosa hoja. Najua, nilifanya hivyo miaka. Kuna vitu vya kusahihisha palepale: bei, namba ya simu, saa ya mkutano, kipimo cha dawa. Sifuri moja ikizidi, mtu analia. Mengine mfuate mtu pembeni, na umwite mama au yaya, yaani dada au kaka mkubwa, kwanza. Au nyamaza tu. Kunyamaza nako ni elimu, nami nimeichelewa.

Na usinielewe vibaya, bado nalipenda daftari safi. Barua ya kuomba kazi nitaisoma mara tatu, na wewe uisome mara tatu.

Yule mama nilimfuata nyumbani na kilo ya sukari. Akanipokea vizuri, akanipa kiti na chai, akauliza habari za wazazi. Kikundini hakurudi. Akiwa na neno anamtuma binti yake, na binti analiandika kwa Kifaransa.