Santuri Moja ya Elektro Kutoka Detroit, na Namna ya Kuisikiliza Ukiwa Arusha

Kwa miaka minane sasa ninayo santuri moja ya elektro, yaani muziki wa dansi unaopigwa kwa mashine za ngoma na vinanda vya umeme, ambayo sijaichoka. Vijana wa hapa Arusha wanaoanza kununua santuri huniuliza mara kwa mara waanze na ipi na watafute mashine gani ya kuichezea, kwa hiyo nimeona niandike yale niliyojifunza, mengi yakiwa ni kwa kukosea. Santuri yenyewe ni juzuu ya kwanza ya Journey of the Deep Sea Dweller, mkusanyiko wa kazi za kundi la Drexciya la Detroit, Marekani, uliotolewa mwaka 2011 na Clone, kampuni ya muziki ya Rotterdam, Uholanzi. Binamu yangu aliyekuwa akisoma huko ndiye aliyeniletea. Siku ya kwanza niliisikiliza nikaona ni muziki mzito usiokwenda popote, nikairudisha kwenye jalada, na ikakaa humo miezi minne. Kosa halikuwa la santuri.

Mashine yangu niliinunua kwa muuzaji wa vyombo vya umeme vilivyotumika. Ilikuwa imetoka Marekani, ikitaka volti 120, nami nikanunua transfoma ya kushusha umeme nikaamini kwamba nimemaliza kazi. Sauti ilitoka nzito, ngoma zikiburuza miguu. Nilimpelekea fundi mmoja wa Kaloleni, mzee aliyetengeneza redio tangu ujana wake, nikamwambia kwamba mota imechoka. Akaisikiliza kwa dakika chache, akasema, "Mwanangu, mashine haina ubovu. Imezoea umeme wa kwao." Kisha akanieleza jambo ambalo muuzaji hakunieleza: transfoma hubadilisha volti peke yake, lakini umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde na wa kwetu hupiga mara 50, na mota za aina ile hufuata mapigo hayo. Santuri iliyopaswa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika ilikuwa ikizunguka chini ya mara 28. Kwa muda wote huo nilikuwa nikiuhukumu muziki ambao sikuwa nimeusikia.

Dawa yake ilikuwa kapi jipya la mota, yaani kigurudumu kinachoizungusha sahani inayobeba santuri, kubwa kuliko la awali kwa sehemu moja ya tano ya kipenyo, ambalo fundi wa kereza alilichonga kwa siku moja. Kwa hiyo, ukiikuta mashine ya mtumba, soma kwanza kibao kilichobandikwa chini yake uone imeandikiwa mapigo 50 au 60, na kama imeandikiwa 60 tu, ulizia kapi kabla ya kutoa fedha. Kisha ipime mwenyewe: bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, washa, na uhesabu mizunguko kwa dakika 3. Ikifika 100 mashine iko sawa. Yangu ilikuwa ikifika 83.

Kosa langu la pili lilikuwa la waya. Santuri inapochongwa, besi hupunguzwa makusudi ili mfereji wa sindano usiyumbe sana ukaingia katika mfereji wa jirani, na sauti nyembamba huongezwa. Utaratibu huu ulikubaliwa na viwanda vya Marekani mwaka 1954 na ndio unaotumika hadi leo. Amplifaya yenye tundu la santuri, lililoandikwa PHONO, huirudisha besi mahali pake. Amplifaya nyingi za siku hizi hazina tundu hilo, nami nilichomeka kwenye tundu la kawaida, nikapata sauti kama ya redio ndogo iliyofungiwa ndani ya kabati. Kama amplifaya yako haina, nunua kikuza sauti cha santuri kabla ya kununua santuri ya pili, kwa maana elektro isiyo na besi ni ngoma iliyotobolewa.

Usiku nilioisikiliza ikiwa katika mwendo wake, na besi yake ikiwa kamili, nilikaa sakafuni mpaka upande wa mwisho. Elektro ilianza kuvuma mwaka 1982, pale Afrika Bambaataa na wenzake wa New York walipotoa Planet Rock, wakichukua midundo na sauti za kundi la Kraftwerk la Ujerumani na kuziweka juu ya mashine ya ngoma ya Roland TR-808. Mashine hiyo, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1980 na 1983, haina ndani yake sauti ya ngoma ya kweli iliyorekodiwa hata moja. Sauti zake zinazalishwa na saketi za umeme. Katika elektro, ngoma kubwa haipigi kila hatua kama katika muziki wa hausi, bali huruka, husubiri, hurudi mahali usipoitarajia. Msikilizaji aliyekulia katika ngoma zetu, ambamo mpigaji mmoja hushikilia mwendo na mwingine huuvunja, hana haja ya kufundishwa kuusikia mpangilio huo.

Drexciya walikuwa wawili, James Stinson na Gerald Donald, wote wa Detroit, na walifanya kazi kuanzia mwaka 1992 hadi Stinson alipofariki mwaka 2002. Hawakuweka picha zao kwenye majalada wala kuutafuta umaarufu. Walichotoa ni hadithi, ambayo iliandikwa waziwazi katika maelezo ya The Quest ya mwaka 1997: kwamba wanawake wa Kiafrika wajawazito waliotupwa baharini kutoka kwenye meli za watumwa katika Atlantiki walizaa watoto wanaopumua majini, na kwamba watoto hao walijenga taifa lao chini ya bahari. Nilimsimulia mama yangu, mzaliwa wa Pangani, naye alikuwa ameniuliza tu kelele zile ni za nini. Alinyamaza, akaniomba niirudishe sindano mwanzo. Mpaka leo akija kututembelea huuliza kama "wale watoto wa majini" bado wapo.

Nadhani hapo ndipo santuri hii inapodumu. Sauti zake ni chache, na kati ya sauti na sauti kuna nafasi, na hadithi huingia katika nafasi hiyo bila mtu yeyote kuiimba. Ndiyo maana ninawashauri wanaoanza wanunue santuri moja ya aina hii badala ya kumi za haraka, na waisikilize upande mmoja kwa usiku, simu ikiwa chumba kingine.

Kuhusu utunzaji, adui mkubwa hapa Arusha ni vumbi la kiangazi, ambalo hupenya hata dirisha likiwa limefungwa. Pitisha brashi laini ya santuri kila unapocheza, kabla ya kushusha sindano. Ukiosha, tumia maji yaliyokenekwa, kwa kuwa maji yetu ya bomba yana madini mengi, floridi ikiwemo, nayo yakikauka huacha utando ndani ya mifereji. Santuri zisimame wima, mbali na jua. Usiweke sarafu juu ya mkono wa sindano ili isiruke. Weka uzito ulioelekezwa na mtengenezaji, ambao kwa sindano yangu ni gramu 2. Umeme ukikatika, inua sindano mara moja na uzime mashine.

Kama fedha ni kidogo, usihangaike na chapa za kwanza, yaani santuri za Drexciya zilizochapwa zilipotoka mara ya kwanza miaka ya 1990, ambazo wakusanyaji wamezipandisha bei kupita kiasi na ambazo nyingi zimechakaa kwa kuchezwa disko. Chapa ya Clone imenitosha kabisa. Tatizo kubwa ni gharama ya posta, kwa hiyo mwombe ndugu anayerudi kutoka Ulaya aibebe kwenye begi la mkononi, kati ya mbao mbili nyembamba, na umsisitizie asiiache ndani ya gari juani.