Kisiagi, santuri na fulana yako nyeusi

Luanda, Bunyore, Jumapili jioni

Mwanangu,

Swali lako nimelipata. Umelituma saa saba usiku, kwa hiyo najua halikuwa la mzaha: "Baba, niambie ukweli, bado unaamini muziki wangu wa heavy metal ni wa shetani?" Nililisoma asubuhi nikifungua kisiagi changu cha mahindi, nikalisoma tena baada ya kanisa, na sasa mama yako amelala ndipo nimepata nafasi ya kukujibu.

Kwanza, neno shetani lilisemwa na shangazi yako. Mimi nilisema kelele. Najua utaniambia ni kulekule. Si kulekule, maana shetani simjui vizuri, lakini kelele naijua. Tangu 1987 ndiyo kazi yangu. Karo yako yote, mpaka ile ya chuo, ilitoka kwenye kelele.

Mgeni akisimama mlangoni pa kisiagi husikia mngurumo mmoja tu, akaziba masikio akangoja unga wake nje. Mimi nasikia vitu vinne. Nasikia injini yangu ya Lister inavyopumua. Nasikia mshipi, ambao ukilegea hupiga mluzi kwanza kabla haujaanza kunuka. Nasikia nyundo mle ndani. Halafu nasikia mahindi yenyewe. Makavu hulia kama mvua ya mawe juu ya mabati. Mabichi huingia kimya, injini ikashusha sauti kama mtu aliyekabwa, na hapo najua huyu mama aliyeniapia kwamba ameyaanika siku nne amenidanganya. Sijapata kumwambia mtu haya, ningeonekana mwehu.

Na katikati ya kelele hiyo nilikuwa naimba. Hilo hulijui. Naimba kwa sauti yote niliyopewa, kwa sababu hakuna anayenisikia, hata mimi mwenyewe najisikia kwa shida. Mama mmoja wa Emuhaya aliwahi kumshtaki mama yako kwamba kila akileta gorogoro zake za mahindi ninamtukana, kwa kuwa anaona mdomo wangu unavyopanuka. Kumbe nilikuwa naimba nyimbo za Shem Tube, mpiga gitaa wa hapa kwetu.

Ulipokuwa Form Two ukaniambia kuhusu muziki wako, "Baba, sikiliza vizuri, mle ndani mna gitaa mbili, moja chini, moja juu," mimi ndiye niliyepaswa kukuelewa kuliko mtu yeyote hapa Bunyore. Sikukuelewa. Sikio ni chekeche, mwanangu. Linapitisha kile tu ambacho matundu yake yanakiweza, na langu lilitobolewa zamani sana.

Ngoja nikueleze lilivyotobolewa.

Mwaka 1973 nilivunja kokoto wiki tatu pale kwenye mawe ya kina Omwami, nikanunua santuri ya Abana ba Nasery. Hao walikuwa vijana wa hapahapa kwetu: Shem Tube na Justo Osala kwenye magitaa, na Enos Okola akikwangua chupa ya Fanta. Chupa ya siku zile ilikuwa na mistari mistari kiunoni, ukipitisha chuma unapata krr-krr, krr-krr, na hiyo ndiyo ngoma yote. Mwenyewe sikuwa na gramafoni. Jioni nilikuwa napeleka santuri kwa fundi cherehani pale sokoni, anaipiga mara mbili, naifunga kwenye gazeti narudi nayo nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

Babu yako aliipata chini ya godoro. Unamjua babu yako, hakupiga kelele. Alikuwa shemasi, na kwake gitaa lilikuwa kitu cha walevi. Kila mara alitaja mpiga gitaa George Mukabi wa kule Kisa aliyekufa kijana 1963: "Watu wa gitaa hawazeeki." Alichukua santuri yangu akaiweka juu ya mabati ya jikoni, saa sita, jua likiwa utosini, akavuta kigoda chini ya mwembe akakaa. Na mimi akaniambia nikae. Tukaitazama. Haikuungua wala haikupasuka. Ilianza kulegea pembeni, ikanyanyua ukingo mmoja, halafu mwingine, polepole, mpaka ikawa bakuli. Akaipoza kwa maji, akampa nyanya yako. Nyanya akaziba lile tundu la katikati kwa nta ya mshumaa, ikawa chombo cha kuku cha maji.

Miezi minane kuku walikunywa humo. Maji yakipungua, jina lao unalisoma chini pale kwenye karatasi nyekundu, mpaka karatasi ikabanduka. Hata leo nikimwona kuku akiinua shingo kumeza maji, kuna kitu kinanichoma hapa. Mama yako hudhani sipendi kuku.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wale vijana, sasa wazee, walialikwa Uingereza wakapiga huko, na sahani yao ikatolewa London mwaka 1992. Babu yako alipopata habari alinyamaza kitambo, akauliza: "Na ile chupa waliibeba?" Hicho ndicho kitu cha karibu zaidi na msamaha nilichowahi kupata kutoka kwake.

Sasa utaniuliza, mtu aliyefanyiwa hivyo aliwezaje kufanya kile nilichokufanyia. Ndiyo. Ile fulana yako nyeusi yenye fuvu na yale maandishi yaliyokaa kama mizizi. Ulimlaumu kaka yako, ukamlaumu msichana wa kazi, ukalia wiki nzima. Ni mimi. Nilifutia injini. Ilikuwa pamba nzuri, ilinyonya oili vizuri kuliko tambara lolote nililowahi kuwa nalo, na kila nilipoishika nilijua ninachofanya. Sikuwa hata na ujasiri wa babu yako wa kukukalisha utazame.

Najitetea kidogo, uniruhusu. Ule muziki uliuanza Januari 2008. Unakumbuka hali ilivyokuwa, vurugu za baada ya uchaguzi, barabara ya Kisumu imefungwa, dizeli hakuna, na kisiagi kimekaa kimya kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe. Binamu yako alikuwa amekwama kwetu na simu yake yenye kadi. Wewe ukajifungia stoo na vile visikizio, ukitoka macho mekundu, huongei. Nikaona mlango umefungwa, nikasikia kile kijisauti kinachovuja masikioni mwako, mtu ananguruma kama mbwa aliyefungiwa. Niliogopa, mama. Kipindi kile kila mzazi aliogopa kitu fulani, na mimi nikaona nichague hicho.

Miaka yote hii nimekuwa nikidhani muziki ule ulikuja kukuchukua kutoka kwetu. Juzi, tulipokosa stima na mafuta siku mbili mfululizo, usiku nikashindwa kulala, najigeuza tu. Mama yako akasema, "Ni kimya." Ndipo nikakumbuka kwamba ulipokuwa mchanga tulikulaza kwenye gunia la pumba hatua sita kutoka kwenye injini, na ulikuwa unaamka pale tu ninapoizima. Kila jioni, injini ikizima, wewe unaanza kulia. Kwa hiyo ile Januari, kisiagi kilipozima, mtoto wangu alienda kujitafutia kingine. Inawezekana ni mimi niliyekufundisha.

Au najipa sifa isiyo yangu. Kaka yako alilazwa kwenye gunia hilohilo na leo anasikiliza rumba na suruali imepigwa pasi. Basi sijui. Lakini sikio ni chekeche, na chekeche kuna mtu aliyelitoboa.

Ile habari uliyonitumia ya Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, nimeisoma na kuisoma. Kijana wa miaka kumi na saba, Birmingham, mji wa viwanda vya chuma, siku yake ya mwisho kazini, mashine ya bati inamkata ncha za vidole viwili vya mkono ule anaobania nyuzi. Mtu mwingine angeuza gitaa. Yeye akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea kofia za vidole, akazivika ngozi, akafunga nyuzi nyembamba. Baadaye akazilegeza kabisa zisimuumize, na kwa kulegea huko sauti ikashuka, ikawa nzito, ikawa ile. Hiyo naielewa bila mkalimani. Mtu aliyetengeneza kidole kwa chupa ya sabuni na mtu aliyetengeneza ngoma kwa chupa ya Fanta, hao wangekaa meza moja.

Kwa hiyo nikausikiliza ule wimbo wa kwanza kwenye sahani yao ya kwanza ulionitumia, wa 1970. Nilingoja kelele, nikapata mvua, kengele, halafu gitaa linatambaa kama lori la miwa linalopanda mlima na gia ya kwanza. Nilisema, ah, hii mashine ina mzigo. Nilisikiliza mpaka mwisho. Yule anayeimba, Ozzy, si ndiye uliyenipigia simu unalia Julai 2025 alipofariki? Nilidhani ni msiba kwa wakwe zako. Nilikuwa tayari navaa koti. Uliponiambia ni mwanamuziki wa Uingereza nilitaka kukukemea, halafu ukasema alifanya tamasha la kuaga mjini kwao akiwa amekaa kwenye kiti kwa sababu ya ugonjwa, na siku kumi na saba baadaye akaondoka. Nikakuacha ulie.

Wale wawili wa Nairobi, Duma, siwezi kukudanganya. Kwanza nilidhani wamejiita mnyama, mpaka jirani Mkikuyu akaniambia kwao hilo ni neno la giza. Niliweza dakika mbili. Hapo chekeche langu linaziba kabisa, hakipiti kitu. Nilichosikia ni mshipi umekatika na fundi anapiga mayowe. Ila nakiri kwamba fundi yule ana pumzi.

Kwa hiyo unataka hukumu. Mimi si shemasi. Shangazi yako anasema jina la Black Sabbath peke yake linatosha kumpeleka mtu motoni, nikamwambia uliniambia walilitoa kwenye filamu ya kutisha, akaniuliza kama hilo ndilo la kunifariji. Sina jibu lake. Na kuna maneno mle ndani ambayo nikiyaelewa huenda nisiyapende, kwa hiyo sijitahidi sana kuyaelewa. Ukinibana kabisa, ukanishika koo, nitasema ule wa 1970 ni muziki. Wa hao wa Nairobi sijasema kitu, na usiniandikie tena kuniuliza.

Desemba njoo na spika yako. Kisiagi nitakizima saa kumi, halafu washa, tuone majirani watajua tofauti. Na ukipita Nakuru mjini ninunulie mshipi, nitakutumia namba yake, huku wanauza ile inayopasuka kabla ya Krismasi.

Nimeisoma barua hii kwa sauti, nikamwamsha mama yako. Anauliza ile fulana ilikuwa ya shilingi ngapi.

Ni mimi, baba yako.