Mdogo wangu unayeanza udaktari, usiache kusoma hadithi

Anatomia na fiziolojia zitakubana mpaka uone riwaya ni kupoteza muda. Nakusihi usiiache. Nimefundisha wanafunzi wodini kwa miaka mingi, na wanaopenda hadithi na sanaa huwa hawakimbilii kuupa ugonjwa jina kabla ya kumtazama mgonjwa.

Anza na macho. Katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, daktari wa ngozi Irwin Braverman na Linda Friedlaender wa jumba la sanaa waliwapeleka wanafunzi wa udaktari kutazama picha za kuchora na kueleza walichokiona, bila kufasiri haraka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa wanafunzi hao waliona mengi zaidi kwenye picha za wagonjwa kuliko wenzao. Jaribu mwenyewe kwa picha yoyote ya mtu aliyelala. Usiseme "anaumwa". Sema: mkono umening'inia, midomo imekauka, shingo imelalia upande mmoja. Kazi hiyohiyo inakungoja kando ya kitanda, kabla hujamgusa mtu.

Kusikiliza ndiko kugumu zaidi. Mwaka 1984, Howard Beckman na Richard Frankel walionyesha kwamba madaktari waliowachunguza walimkatiza mgonjwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18 tu. Sasa chukua mama anayesema, "Kifua kilikuwa kinanibana nikipanda ngazi, ila tangu mume wangu afariki sipandi tena, nalala sebuleni." Kwenye faili utakuta: maumivu ya kifua, yametulia. Ngazi imepotea, msiba umepotea, na anayesoma faili hawezi kujua kama moyo umepata nafuu au mama ameacha tu kupanda. Msomaji wa riwaya angeuliza: mbona kaanzia hapo, na karuka nini?



Rita Charon wa Chuo Kikuu cha Columbia, daktari aliyebobea pia katika fasihi, huwataka wanafunzi waandike habari za mgonjwa kwa lugha ya kawaida, nje ya faili rasmi. Nawe chagua mgonjwa mmoja kila wiki. Andika nusu ukurasa bila istilahi za kitabibu na bila jina lake, kisha msomee mwenzako. Akikuuliza swali likakushinda, kesho yake rudi kitandani kwa mgonjwa, keti, umuulize.