Vidole Vinakufa Ganzi kwa Baridi: Nitawadheje?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Naishi Njombe. Juni na Julai nikitawadha Alfajiri vidole hugeuka vyeupe, vinakufa ganzi, kisha vinauma hadi nalia. Daktari amesema mishipa ya damu inabana kwa baridi. Shemeji anasema maumivu ndiyo thawabu, na anayetayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo, maji yakiwepo imani yake haba. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Pole sana. Maneno ya shemeji yamenikosesha raha kuliko hiyo baridi.

Najua anakoegemea: hadithi iliyo katika kitabu cha Imam Muslim inayotaja kutimiza udhu wakati nafsi inachukia kuwa ni katika yanayofuta madhambi. Ni sahihi. Lakini inamsifu anayevumilia ubaridi wa maji, haimwamrishi mgonjwa ajidhuru. Amr bin Al-Aas (r.a.), sahaba wa Mtume, katika safari ya vita ya Dhaatus Salaasil mwaka wa 8 Hijria, alipata janaba (hali inayolazimu kuoga mwili mzima) usiku wa baridi kali, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Alipoulizwa na Mtume (s.a.w.), alitaja aya inayokataza mtu kujiua. Mtume akacheka, hakumlaumu. Na Amr alikuwa mzima! Yule aliyejeruhiwa kichwani je? Wenzake walimnyima ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Mtume akasema: “Wamemuua.” Imo katika kitabu cha hadithi cha Abu Daud, shemeji aisome kabla hajatoa fatwa nyingine.

Hata hivyo usikimbilie udongo. Maji ya moto yatie kwenye chupa ya chai usiku, Alfajiri uyachanganye yawe vuguvugu. Yapime kwa kiwiko, maana vidole vyenye ganzi havisikii moto, vitaungua. Osha kila kiungo mara moja, ndiyo faradhi, kisha jifute upesi. Udhu wa Magharibi ukidumu, uswalie Isha. Glavu hazipakwi maji kama khofu (soksi za ngozi), zivue.

Hata vuguvugu likikudhuru, kama tabibu anavyothibitisha, osha viungo vilivyo salama, na kwa vile vidole utayamamu inapofika zamu ya mikono. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyetayamamu kwa baridi tupu hulipa swala, yaani huirudia. Mwenye maradhi halipi. Wewe una maradhi.

Na ukiona vidonda kwenye ncha za vidole, usingoje Julai iishe. Rudi hospitali.