Kipindi cha Tisa Nukta Nane anaingia nani?

Mmeuliza wiki hii kama mwalimu anayefundisha vizuri ndiye apewe ukuu wa shule. Mimi langu ni lingine kidogo: akishapewa, kipindi chake anaingia nani? Maana kwetu hakuingia mtu.

2014 nilikuwa fomu foo shule ya kata, enzi zile za mbio za maabara, Rais Kikwete alishaagiza kila sekondari ya kata iwe na tatu, michango mnaikumbuka wenyewe. Yetu ilifika kwenye lenta ikasimama. Mwalimu wa fizikia tulikuwa naye mmoja tu, tukimwita Tisa Nukta Nane, mwezi wa sita wakampa ukuu.

Basi akawa anatufundisha usiku, tukiwa kambi. Siku moja akaja na kamba na nati ya lori, akaifunga kwenye kenchi, akapima mita moja mpaka katikati ya nati, stopwochi ni simu yake. Tuhesabu kwenda na kurudi mara 20. Anaachia tu, darasa zima "mojaaa!" Sekunde 38. Tukapiga hesabu ya g, yaani ukubwa wa mvuto wa dunia, ikaja karibu 11 badala ya 9.8. Tukarudia mara tatu, 38 ileile. Nikasema labda kijiji chetu kinavuta zaidi, watu wakacheka, yeye hakucheka, akawa anaiangalia ile nati. Mara simu ikaita, yaani stopwochi yenyewe, wilayani wanataka idadi ya matofali asubuhi. Akatoka. Tukabaki na chemli na nati inaning'inia mpaka saa nne, hakurudi.

Asubuhi mstarini, akimaliza matangazo ya michango, akaniita mbele. "Ukitembea mpaka kwenye mlingoti, hatua ya kwanza unaihesabu kabla hujanyanyua mguu?" Nikanyamaza. Nimekuja kuelewa narudi kwenye foleni: tulikuwa tunaanza na moja badala ya sifuri, kumbe ilienda na kurudi mara 19 tu! Usiku tukarudia wenyewe bila yeye, sekunde 40, g ikakaa pale pale kwenye jina lake.

Nilianza kuandika hapa nina hasira, nilitaka niseme mwalimu wa fizikia asisogezwe karibu na ofisi kabisa. Ila ile maabara iliezekwa yeye akiwa mkuu, na mdogo wangu kafanyia praktiko humo, kwenye meza za ukweli, sio nati ya lori. Mwingine angeikomalia vile? Sidhani. Kwa hiyo apewe tu, ila kwanza aletwe wa kushika chaki yake, na kama hayupo basi wasubiri, au wampe huku wakimtafuta, hapo sina uhakika.

Mimi fizikia nilipata D. Nusu yake nawadai wilaya, nusu nyingine ni ya kwangu, kusoma nako sikusoma sana.